Shairi lako lina mizani ila halina pumzi? Jaribu hivi

Kuna ugonjwa mmoja unawapata sana watu wanaoanza kutunga mashairi ya Kiswahili, na mimi uliniganda miaka kama mitatu hivi. Unakaa unahesabu mizani kwa vidole, nane huku nane kule, vina vya kati na vya mwisho vyote vimekaa, ukimtumia mtu kwenye simu anakwambia kali sana, alafu siku unasimama kulisoma mbele ya watu shairi linakufia mdomoni. Ukilikagua halina kosa lolote, ila halitembei.

Mi ilinitokea kwenye hafla moja ya jioni hapa mjini. Nilikuwa na beti saba nimezipima mpaka usiku wa manane hakuna mizani iliyozidi wala iliyopungua, kufika ubeti wa pili tu pumzi imekata, nikawa navuta hewa katikati ya maneno, watu wa mbele wakaanza kuangalia simu zao. Niliumia sana kwa kweli. Kesho yake nikampelekea babu mmoja jirani yetu pale Magomeni, mzee ametunga tangu enzi za ujana wake na mashairi yake mengi yako kichwani. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, nikampa karatasi, akaikunja akaitia mfuko wa kanzu bila kuisoma. Akasema "twende dukani nikanunue sukari, nisomee njiani". Nikamwambia sasa babu karatasi si umeitia mfukoni? Akajibu "basi nisomee unayoyakumbuka".

Nilikumbuka mishororo miwili kati ya ishirini na nane. Miwili! Na nilivyoitoa ile miwili nikagundua miguu yangu imeshaifuata yenyewe, yaani natembea nayo. Ile mingine yote ilikuwa imebaki kwenye karatasi mfukoni kwa babu. Haya ntakayoandika hapa yametoka kwenye ile safari ya sukari na safari nyingine nyingi baada ya hapo, na ntaeleza kwa mifano niliyotunga mwenyewe ili uweze kuivunjavunja unavyotaka.

Tuanze na mizani kwa haraka mana wengi mnaijua. Mizani ni silabi. Shairi la kawaida la pwani lina mizani 16 kwa mshororo, 8 kipande cha kwanza (ukwapi) na 8 cha pili (utao), utenzi una 8 tu kila mshororo. Panapowachanganya watu ni zile m na n zinazosimama zenyewe: mtu ni mbili (m-tu), nchi ni mbili, mbwa ni mbili, ila mbuzi ni mbu-zi, mbili pia, usiihesabu tatu. Neno pumzi lenyewe ni tatu, pu-m-zi, ukilitamka taratibu katikati midomo inafunga na hewa inatokea puani, nalipenda sana neno hilo kwa sababu hiyo. Maneno kama daktari au labda watu hawayahesabu sawa, wengine wanasema dak-ta-ri wengine da-k-ta-ri, mi nafuata mdomo wangu na nikishachagua kwenye shairi sibadilishi mpaka liishe.

Sasa kitu ambacho hatukazaniwi sana shuleni ni mkazo, yaani ile silabi unayoigonga kwa nguvu kuliko nyingine ukitamka neno (hapa naiandika kwa herufi kubwa). Kiswahili kinaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, karibu maneno yote, na ukiongeza kitu mwishoni mkazo unahama nao: PI-ga, pi-GA-na, pi-ga-NI-a. NYU-mba, nyu-MBA-ni. Yako maneno machache yanayokwenda kivyake, mfano mzuri ni barabara, ukisema tumepita barabara ya Kilwa unatamka ba-ra-BA-ra, ukisema kazi imekwenda barabara unatamka ba-RA-ba-ra, herufi zile zile ngoma tofauti. Sisi tuliozaliwa na lugha hii hatufikirii hata kidogo tunapoongea, ndo mana tunasahau kwamba ipo tunapoandika.

Hebu tuone inavyofanya kazi ndani ya kipande cha mizani nane. Kama neno la mwisho wa kipande lina silabi mbili au zaidi, na karibu kila mara linazo, basi mkazo wake lazima uangukie silabi ya saba. Hesabu mwenyewe kwenye shairi lolote ulilonalo, utakuta ya saba, ya saba, ya saba. Maana yake hata mshairi aliyelala kwenye meza ana pigo moja la uhakika kwa kila kipande, amepewa bure na lugha. Mchezo wote uko kwenye silabi ya kwanza mpaka ya sita, hapo ndo unapoamua shairi litembee, likimbie, liyumbe au lisimame, na hapo ndo wengi tunapaacha paende popote.

Chukua huu ubeti, nilitunga nikiwa nasubiri kuvuka kwenda Kigamboni:

Pantoni inaondoka, abiria wamejaa,
Mawimbi yanachafuka, upepo unavamia,
Mama mzigo kashika, mtoto wake alia,
Ng'ambo tutakapofika, moyo utanitulia.

Soma kwa sauti, sio kwa macho. Kama uko kwenye daladala soma kwa midomo bila sauti, inatosha.

Mikazo ya kipande cha kwanza iko wapi? Pa-NTO-ni i-na-o-NDO-ka. Ya pili na ya saba. Ma-WI-mbi ya-na-cha-FU-ka, ya pili na ya saba tena. U-PE-po u-na-va-MI-a, vile vile. Neno la silabi tatu alafu la silabi tano, tatu-tano, tatu-tano, linapanda haraka linashuka kwa kirefu kama pantoni yenyewe inavyobembea ikiwa imetoka kwenye gati. Mshororo wa tatu nikaukata vipande vidogo, MA-ma m-ZI-go ka-SHI-ka, mikazo inakuwa ya kwanza, ya nne na ya saba. Hebu piga meza kwa mkono: MOJA mbili tatu MOJA mbili tatu MOJA mbili. Tatu-tatu-mbili. Unaijua hiyo, umeicheza, iko kwenye ngoma na kwenye nyimbo nyingi za bongofleva na mwili unaitambua kabla kichwa hakijajua. Ndo mana pale mama anaposhika mzigo shairi linaonekana limeingia watu. Mshororo wa nne ni kinyume, NG'A-mbo alafu tu-ta-ka-po-FI-ka, pigo moja mwanzoni na moja mwishoni, katikati silabi tano zinapita bila kugongwa, inanyooka, kwa sababu hapo moyo wa msemaji umeshavuka kabla ya chombo.

Sikuvipanga vyote hivyo kwa makusudi nikiwa naandika, nisiwadanganye. Mstari wa tatu ulikuja hivyo wenyewe. Wa nne nilikuwa nimeandika kitu kingine, mizani ilikuwa sawa ila ulikuwa na maneno madogo madogo kama wa tatu, nikausoma nikahisi pantoni haifiki, nikaubadilisha. Hapo ndo ujuzi huu unapokusaidia, baada ya kuandika, unapojua kuna kitu hakijakaa lakini hujui ni kitu gani.

Zoezi la miguu sasa. Hili ndo zoezi la babu na sijaona linalolizidi. Tafuta sehemu unayoweza kutembea dakika kumi bila kusimama, mimi napenda ule upande wa bahari kutokea Kivukoni kuelekea Ocean Road asubuhi kabla jua halijawa kali. Tembea mwendo wako wa kawaida, alafu weka mizani mbili kwa kila hatua. Kipande cha mizani nane kinakula hatua nne, mshororo mzima hatua nane. Angalia kinachotokea: hatua zinaangukia mizani ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Ile ya saba, pigo lako la bure, inakutana na hatua ya nne kila mara. Kama umeanza na mguu wa kulia basi kila mwisho wa kipande, ukwapi na utao, unakanyaga na mguu wa kushoto.

Alafu sikiliza mikazo mingine inaangukia wapi. Pantoni, mkazo ni wa pili, mguu bado uko hewani. Hapo ndo panatokea ule mchezo, sauti inapiga mahali ambapo mguu haujafika, na mwili unalazimika kuyumba kidogo. Ukiandika kipande ambacho mikazo yote inakutana na hatua, kwa mfano "Njoo leo twende kule", NJO-o LE-o TWE-nde KU-le, utaona umeanza gwaride. Hakuna ubaya kwa mshororo mmoja, unaweza hata kuutaka pale unapotaka amri au hasira, ila ubeti mzima wa namna hiyo unachosha sikio kama mtu anagonga mlango hajaambiwa karibu.

Upande wa pili kuna "Wanaosubirishana, waliojikusanyia". Neno moja mizani nane, neno jingine mizani nane, Kiswahili kinatuwezesha kufanya hivyo na inapendeza kwa macho. Lakini pigo zito ni moja tu kule mwisho, msomaji anakimbia silabi sita hana pa kushika, na ukipanga mishororo miwili mitatu ya hivyo lazima mtu akate pumzi. Shairi langu lililoniaibisha lilikuwa limejaa vitenzi virefu kama hivyo kwa sababu nilikuwa naviona vya kisomi.

Unarekebisha vipi bila kuharibu mizani? Malenga wana zana zao za siku nyingi na zina majina. Inkisari ni kufupisha, mwana wangu ikawa mwanangu, nne zikawa tatu. Mazida ni kurefusha, enda ikawa enenda. Kuna kupindua mpangilio wa maneno, "mama kashika mzigo" ikawa "mama mzigo kashika", wengi wanadhani hiyo inafanywa kwa ajili ya kina tu, kumbe inaweza kuhamisha mikazo pia. Hapo haikuhama mana kashika na mzigo yote ni ya silabi tatu, ila jaribu kutamka "mzigo kashika mama" uone. Na zana ninayoitumia kuliko zote ni kuchagua wakati wa kitenzi: wimbi linapiga, wimbi lapiga, wimbi likapiga. Linapiga ni nne na inaonyesha linaendelea, lapiga ni tatu na ni kama limekugusa sasa hivi, likapiga ni nne ila inakusukuma kwenye kinachofuata. Usichague kwa hesabu peke yake. Kama unahitaji mizani tatu na maana inataka linapiga, tafuta neno jingine pembeni la kupunguza, lile liache.

Sauti zenyewe pia zina kasi. K, t, p, ch zinakata hewa, m, n, l, w zinaiachia ipite. "Kata kamba, toka, pita" haiwezi kusomwa polepole hata ukijitahidi, na "mawimbi yanalalama" huwezi kuikimbiza. Hilo nalitaja kwa ufupi kwa sababu ukianza kuliwaza sana utaishia kuandika herufi badala ya shairi.

Haya, pumzi.

Ukiwa umekaa tu, kuvuta na kutoa hewa havipishani sana urefu. Ukiongea inabadilika, unavuta mara moja kwa haraka alafu unaitoa kidogo kidogo kwa muda mrefu huku maneno yakipanda juu yake. Kwa hiyo shairi lote linasafiri kwenye hewa inayotoka. Mi nikijipima na simu, mshororo wa mizani 16 kwa mwendo wa kutulia unanichukua kama sekunde nne, pumzi moja inautosha vizuri na inabaki. Ubeti wa utenzi ni mizani 32, yaani mishororo miwili ya shairi, na ukiwa na pumzi nzuri unaweza kuubeba wote kwa mvuto mmoja, ndo mana utenzi unafaa kusimulia vita na safari, unakwenda mbele haukai. Shairi la 16 linapenda kukaa. Pale katikati, baada ya kina cha kati, kuna kituo kidogo kama kizingiti cha mlango, huhitaji kuvuta hewa pale ila unahitaji kukijua kipo.

Chukua penseli, tia mkwaju (/) mmoja mahali unapopumzika bila kuvuta na mikwaju miwili mahali unapovuta. Sheria ninazojiwekea ni chache: sivuti hewa kati ya neno na "ya" au "wa" au "kwa" inayolifuata, sivuti kati ya mtu na kitenzi chake kama havijatenganishwa na kitu, na hewa kubwa naichukua mwisho wa mshororo wa pili na mwisho wa ubeti. Ukiona penseli yako inalazimika kuweka mikwaju miwili katikati ya kipande, tatizo haliko kwenye mapafu yako, rudi ukaandike upya. Hiyo ilikuwa habari njema sana kwangu nilipoielewa, nilikuwa nadhani sina pumzi, kumbe niliyaandika maneno yasiyo na mahali pa kuvutia.

Kuhusu kuijenga pumzi yenyewe, lala chali kwenye mkeka, weka kitabu tumboni, vuta hewa mpaka kitabu kinyanyuke, mabega yasisogee. Alafu toa kwa sauti ya "sss" polepole ukihesabu. Ukizoea, badala ya "sss" weka mshororo. Wiki mbili za dakika tano tano kabla ya kulala nilianza kusikia tofauti. Na kuna shule nyingine ya pumzi ambayo tumekua nayo majumbani, kinu. Bibi yangu akitwanga na mama mdogo wanapokezana michi, mmoja ananyanyua mwingine anashusha, na hewa inatoka mchi unaposhuka, "hhh", haitoki ukipanda, na katikati ya hapo wanaongea wanacheka wanasengenya na hakuna anayekosea pigo. Ukipata nafasi ya kutwanga chochote, twanga huku unasema shairi lako. Mkazo ukikutana na mchi unaposhuka utajua.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, yule ambaye uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake, na ambaye alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa hapa Dar es Salaam, ndo aliyetuwekea kwenye kitabu sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na watu wakimtaja wanakumbuka vina na mizani tu. Lakini kwake shairi ni wimbo, na hizo hesabu zote zipo ili liimbike. Nawaomba hilo mlishike sana mana ndo msingi wa kila ninachosema. Kabla hujasema shairi limeisha liimbe, kwa sauti yoyote uliyonayo, chagua mahadhi yoyote uliyosikia nyumbani au harusini au kwenye kaswida, ukishindwa kuliimba kabisa kuna mahali pumzi imekwama na wimbo utakuonyesha hapo hapo.

Kibwagizo nacho ni pumzi. Tunafundishwa kwamba ni mshororo unaorudiwa ili kusisitiza ujumbe, sawa, lakini simama mbele ya watu hamsini uone kazi yake nyingine: ukishawafundisha kibwagizo ubeti wa kwanza na wa pili, kuanzia wa tatu wanakiimba wao na wewe unavuta hewa. Wavuvi wakivuta nyavu wanafanya hivyo hivyo, mmoja anaanza wote wanaitika, na wakati wanaitika yule mmoja anajipanga. Ngonjera, zile alizozieneza mshairi Mathias Mnyampala, zinakwenda mbali zaidi, pumzi ya shairi imegawanywa kwa watu wawili wanaojibizana, mmoja akimaliza mwingine ameshajaza. Kwa hiyo kibwagizo chako kiandike chepesi, mikazo iliyo wazi, maneno mafupi, irabu za kufungua mdomo. Kibwagizo chenye vitenzi viwili vya silabi sita watu hawatakiitika hata wakipenda.

Sasa najua kuna wanaoandika mashairi huru na wameshaanza kusema haya hayawahusu. Yanawahusu zaidi. Tangu miaka ya 1970 wakati mshairi Euphrase Kezilahabi na wenzake walipoachana na vina na mizani kulikuwa na ubishi mkubwa sana, wengine wakisema hayo si mashairi kabisa, mimi nayapenda yote mawili na sioni haja ya kugombana. Ila ukiondoa mizani umeondoa lile pigo la saba la bure, umeondoa kizingiti cha katikati, kitu pekee kilichobaki kumwambia msomaji avute hewa wapi ni mahali unapokata mstari. Angalia:

Bibi wa mihogo
anapuliza.
Moto
unasita
unasikiliza
halafu unaitika kwa sauti moja na watoto wote wa mtaa waliokuwa wamesimama na sahani mkononi.

Mistari mifupi inakubana, unasubiri, "unasita" peke yake kwenye mstari lazima usite na wewe. Mstari wa mwisho ni mrefu kwa sababu ndo moto wenyewe umewaka, nataka usomwe kwa pumzi moja mpaka iishe. Ningeukata vipande vitatu moto ungezimika. Wengi wanakata mistari pale macho yao yanapoona pamekuwa parefu, au wanaacha "ya" inaning'inia mwisho wa mstari bila sababu. Kila ukikata jiulize, hapa namtaka msomaji afanye nini na hewa yake? Kama huna jibu, unganisha.

Na kama unataka kujifunza kasi nenda kasikilize singeli, hii yetu ya uswahilini, mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika, wengi wanasema ni kelele. Mi nakwambia msikilize anayeimba, sikiliza anameza silabi gani na analiachia neno gani likatike ili apate sehemu ya kuvuta. Anajua kabisa pumzi yake iko wapi, vinginevyo angeanguka dakika ya kwanza.

Siku ya kusoma yenyewe mambo ni machache. Jirekodi siku mbili kabla, alafu sikiliza bila kuangalia karatasi, mahali utakaposikia umejikwaa patie alama, usijitetee. Kiyoyozi kikali cha ukumbini kinakausha koo hasa ukitoka nje kwenye fukuto la Dar, kunywa maji ya kawaida, ya baridi sana mi yananibana koo, soda zinakuletea gesi katikati ya ubeti. Maiki usiimeze, p na b zinapasua, iache umbali wa kiganja hivi na iwe pembeni kidogo ya mdomo. Ukipanda usianze mara moja, vuta hewa moja mpaka tumboni watu wakiwa wanakuangalia, kimya kile ni sehemu ya shairi. Na wasomaji wengi wanaharakisha kwa woga, kwa hiyo mwendo ulioufanyia mazoezi nyumbani upunguze kidogo, utajiona unachelewa, kumbe ndo uko sawa.

Nimalize kwa kazi ya kufanya, mana kusoma tu haitoshi. Jioni pale mtaani kwetu anapita muuza kahawa, birika na jiko mkono mmoja, mkono mwingine anagonga vikombe, tatu za haraka anaacha, tatu za haraka anaacha, unamsikia kabla hujamuona. Kwenye vikombe vyake nikatoa huu:

Kahawa inanukia, vikombe vinagongana,
Wazee wanaongea, habari wanapeana,
Mpira wauchambua, sauti zinapishana,

Hesabu, vipande vyote sita ni tatu-tano, mikazo ya pili na ya saba, nimefanya makusudi. Kituo, yaani mshororo wa mwisho, nimekuachia wewe. Mizani nane na nane, kina cha kati ni "a" na cha mwisho ni "na", na kituo chako kisiwe tatu-tano, kiuvunje ule mwendo kwa namna yoyote utakayoamua, ukate kama mzigo wa mama kule kwenye pantoni au uunyooshe. Tunga ukiwa unatembea, na usiandike popote mpaka miguu ikubali.